Brashi ya Fundi na Nywele za Kidoti

Chubwi!

Kilikuwa kishindo kidogo tu, kama cha kitu kutumbukia majini. Nje kulikuwa bado giza. Fundi alifumbua macho, akanyoosha mkono upande wa pili wa kitanda. Shuka lilikuwa baridi. Mke wake alikuwa ameshaondoka kwenda kwenye kiwanda cha mikate. Kila siku aliondoka mapema, viatu mkononi, ili asimwamshe mtu.

"Nani huyo jikoni?" Fundi aliuliza.

Ndoo ilikwaruza sakafu.

"Nimeuliza, nani?"

"Panya, baba."

Fundi alishusha pumzi. Panya wa kumwita baba alikuwa mmoja tu katika nyumba ile. Alikuwa binti yake wa miaka minane. Kwa sababu ya alama ndogo nyeusi shavuni mwake, watu wote walimwita Kidoti.

Alikwenda jikoni, akawasha taa. Kidoti alikuwa amesimama kando ya ndoo ya maji. Mkono wa gauni lake la kulalia ulikuwa umelowa mpaka kwenye kiwiko. Fundi alichungulia ndani ya ndoo. Chini kabisa aliiona brashi ya nywele. Brashi ile ilikuwa ya mbao, na mbao huelea. Kidoti alilijua hilo. Ndiyo maana alikuwa ameigandamiza kwa jiwe la kunolea visu.

"Umeitia brashi kwenye maji!" Fundi alisema.

"Ni maji ya kuogea tu."

"Kwa nini, Kidoti?"

"Si ulisema mwenyewe? Ulisema brashi ikilowa, imekufa."

"Kwa hiyo ulitaka kuiua?"

Kidoti alitazama vidole vya miguu yake. "Nilitaka iumwe tu. Siku mbili tatu."

Fundi aliitoa brashi, akaikung'uta, akaifuta kwa fulana yake. Alikuwa amekasirika, lakini pia alikuwa amechoka. Alichoshwa na jambo hilo hilo, kila siku ya Mungu.

Fundi alikuwa mtengenezaji wa brashi. Katika karakana alikofanya kazi, yeye na wenzake walitengeneza brashi za sakafu, za viatu, za nguo na za chupa. Walitoboa matundu kwenye ubao, kisha wakavuta nyuzi kwa waya, tundu kwa tundu. Mkubwa wa karakana alikuwa na neno lake: brashi nzuri ni ile iliyobana. Alipitisha kidole gumba juu ya nyuzi, na zikilegea hata kidogo, aliirudisha kazi. Kulowesha nyuzi ilikuwa marufuku, kwa sababu zikilowa ziliweza kuoza. Kabla ya kuzipanga, walizichana zikiwa kavu, kwa nguvu, kuanzia zilipofungwa mpaka nchani. Fundi alifanya hivyo kwa miaka kumi na minne. Mikono yake haikujua njia nyingine.

Mkewe alipopewa zamu ya alfajiri, kazi ya kumchana Kidoti ilimwangukia yeye. Hakulalamika. Alikaa Jumapili tatu akamtengenezea mtoto wake brashi ya pekee. Alipiga msasa kipini mpaka kikawa laini kama yai. Nyuzi alizibana kweli kweli, ngumu na nene, hata sindano isingepenya. Ilikuwa kazi bora kuliko zote alizowahi kuzifanya.

Na kila asubuhi kazi hiyo bora ilimliza mtoto.

"Kaa hapa," Fundi alisema asubuhi ile. "Tulia."

"Nimetulia."

"Mbona kichwa kinakwenda dirishani?"

"Kinafuata brashi, baba! Wewe ndiye unayekivuta!"

"Sivuti. Nachana."

"Aaaii! Baba, basi! Basi!"

"Bado upande mmoja."

"Niache hivi hivi!"

Kengele ya shule ililia nywele za nusu ya kichwa zikiwa zimesimama na za nusu nyingine zimelala. Fundi alizifunga nywele kwa utepe, akazibana kwa nguvu ili zisifumuke. Ngozi ya paji la uso la Kidoti ikavutika. Walitoka mbio. Walikuwa wamechelewa kwa mara ya nne wiki ile, na wiki yenyewe ilikuwa haijaisha.

Karibu na lango la shule, Kidoti aliuliza, "Baba, leo ni siku gani?"

"Alhamisi."

"Jumamosi ni mbali?"

Fundi aliharakisha hatua. Swali lile lilimchoma kuliko kelele zote za asubuhi.

Jumapili iliyopita, dada yake mkewe alikuwa amewatembelea. Kidoti alimwita mama mkubwa. Alikuwa mwanamke mwenye huruma nyingi na sauti kubwa. Alimpapasa Kidoti juu ya paji la uso, akaona nywele zimepungua pande zote mbili.

"Mtoto anaota kipara kama baba yake!" alisema. "Jumamosi nakuja kumchukua. Akae kwangu mpaka shule ifungwe. Kutoka kwangu mpaka shuleni ni basi moja."

"Shemeji, mtoto hawezi kuhama nyumba kwa sababu ya nywele," Fundi alisema.

"Anaweza. Ninyi mna kazi, hamna nafasi. Mimi nafasi ninayo."

Mke wake Fundi alikuwa akisinzia kwenye kiti, mikono yake ikiwa bado na unga kwenye kucha.

"Basi tufanye hivi," mama mkubwa alimaliza. "Jumamosi nikimkuta anachanwa bila kulia, nitaondoka peke yangu. Nikimkuta analia, naondoka naye."

Sasa Kidoti alikuwa akihesabu siku.

Mchana kutwa Fundi alifanya kazi akiwa na mawazo. Aliona jibu moja tu: nywele za mtoto zilikuwa kaidi, kwa hiyo zilihitaji dawa. Jioni alimshika Kidoti mkono, akachukua brashi yake, wakaenda kwa msusi. Msusi alikuwa jirani yao, nyumba ya tatu. Chumba chake cha mbele ndicho kilichokuwa saluni.

"Hodi."

"Nimefunga," msusi alijibu kutoka ndani. "Miguu yangu inawaka moto. Tangu asubuhi nimesimama."

"Ni neno moja tu, dada."

"Wewe Fundi hujawahi kuwa na neno moja. Haya, karibuni."

Msusi alikuwa ametia miguu kwenye beseni la maji. Hata hivyo, alipomwona Kidoti, aliinuka akampisha kwenye kiti chenye mto. Yeye akakaa kwenye kigoda.

"Nataka mafuta makali," Fundi alisema. "Ya kuzivunja nguvu nywele za huyu."

"Kuzivunja nguvu? Zimekukosea nini?"

"Hazisikii brashi."

"Hebu nione hiyo brashi."

Fundi alimpa kwa fahari. Msusi aliigeuza geuza, akapitisha kidole gumba juu ya nyuzi.

"Imebana kweli," alisema.

"Asante, dada."

"Sikukusifu. Sogea karibu."

Fundi alisogea. Kabla hajajua kitu, msusi aliitia brashi kwenye ndevu zake, akavuta mara moja kwenda chini.

"Aaaii! Dada! Unanichuna!"

Kidoti alicheka mpaka akashika ukingo wa meza.

"Mara moja tu, tena ndevu zenyewe fupi," msusi alisema. "Mwenzako anavutwa kila asubuhi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wewe kichwani una kipara, ungejuaje?"

Fundi alishika kidevu.

Msusi alichomoa nywele za Kidoti zilizonaswa kwenye brashi. Alizitandaza juu ya taulo jeupe, akavuta taa karibu.

"Njoo usome hapa. Huu unywele mmoja una nini mwishoni?"

"Una kitone cheupe."

"Huo umeng'oka wenyewe kutoka kwenye mzizi. Muda wake ulifika. Kila mtu hupoteza nywele kama hizo kila siku, si ugonjwa. Haya, na hizi nyingine?"

Fundi aliinama. Zilikuwa fupi. Nyingine zilikuwa ndogo kuliko ukucha. Hazikuwa na kitone.

"Hizi hazina," alisema.

"Kwa sababu zimekatika. Umezikata wewe, kwa kazi yako bora."

Fundi alikaa chini. "Dada, brashi nzuri ni ile iliyobana. Hata mkubwa wetu anasema."

Msusi alifumba macho kidogo, kama mtu anayetafuta subira mfukoni.

"Karakanani mnatengeneza brashi za aina ngapi?"

"Nne."

"Mimi nina kioo cha taa, ni chembamba sana. Nikisugue kwa brashi ya sakafu?"

"Haiwezekani! Kitavunjika."

"Kwa nini msitengeneze brashi moja tu ya kazi zote? Mnajisumbua bure."

"Dada, kila kitu na brashi yake! Sakafu ina tope, inataka nyuzi ngumu. Chupa ina shingo nyembamba, inataka..." Fundi alikoma, mdomo wazi.

"Endelea," msusi alisema. "Ulikuwa unaeleza vizuri."

Kidoti alicheka tena, safari hii polepole.

Msusi alielekeza kidole ukutani. Machanuo na brashi zilining'inia kwenye misumari.

"Kwanza utazame nywele, ndipo uchague kifaa," alisema. "Nywele za singa zimenyooka. Mafuta ya ngozi ya kichwa huteremka yenyewe mpaka nchani. Hizo zinapenda ile brashi ya nyuzi laini zilizosongamana. Nywele za mawimbi, na zile zinazojiviringa viringa, zinataka nafasi. Chukua chanuo la meno mapana, au ile brashi ya meno ya plastiki yaliyoachana, yanayopinda ukiyagusa. Nywele zilizotiwa dawa ya kunyoosha ni dhaifu, hasa zikiwa majimaji. Nazo zinataka chanuo la meno mapana, na mkono mwepesi."

"Na hizi za Kidoti?"

"Hizi ni za kipilipili. Kila unywele umejikunja kama springi. Kila kona ni mahali pa kukatikia. Mafuta hayafiki nchani, kwa hiyo ni kavu. Hapa unaanza kwa vidole, kisha chanuo la meno mapana. Na hazichanwi kavu kamwe."

Alichukua chupa ya kunyunyizia maji.

"Maji?" Fundi aliruka. "Nyuzi zikilowa zinaoza!"

"Hizi si nyuzi za karakana, Fundi. Zimeota kwenye mtoto."

Msusi alizigawa nywele za Kidoti mafungu manne, akayabana matatu kwa vibanio. Fungu la nne alilinyunyizia maji mpaka likawa na unyevu. Akatia krimu ya kulainisha nywele, akafungua mafundo makubwa kwa vidole.

"Sasa lete mkono wako. Shika hapa katikati ya unywele, karibu na fundo. Bana. Ukishika hivyo, mvuto unaishia kwenye vidole vyako, haufiki kichwani. Haya, chana ncha peke yake. Zikishalegea, panda juu kidogo. Kisha juu tena. Shina ni la mwisho."

Fundi alichukua chanuo. Mkono wake ulikwenda moja kwa moja kwenye shina.

"Ncha!" msusi alisema.

"Samahani."

Alianza tena. Mkono ulipanda wenyewe.

"Ncha, Fundi! Ncha! Unataka nikuchoree?"

"Miaka kumi na minne tunaanzia kwenye shina, dada!"

"Na mimi miaka ishirini naokota nywele zilizokatwa na watu kama wewe."

Fundi alianza mara ya tatu. Safari hii alianzia nchani. Kidoti alikuwa amekaza mabega akisubiri maumivu. Alisubiri, alisubiri. Hayakuja. Mabega yakashuka taratibu.

"Dada," Fundi alisema, macho yakimeta, "naweza kutengeneza ubao wenye mashimo machache, halafu nitie vijiti vya..."

"Chanuo lipo tayari. Usinibunie kitu."

"Basi. Na brashi yangu, niitupe?"

Msusi alimtazama. Aliona alivyoshika kile kipini kilichopigwa msasa. Sauti yake ikalegea.

"Usitupe. Kipini chako kizuri, hata mimi sina kama hicho. Ng'oa hizo nyuzi ngumu, utie laini. Mafundo yakiisha kufunguliwa, na ukitaka nywele zilale vizuri ili uzifunge, ipitishe juu juu tu, kwa wepesi. Akitaka ziachwe wazi, zisimame duara, tumia chanuo la meno marefu kuziinua. Lile chanuo jembamba lenye mkia ni la kugawa njia. Usimchanie."

"Na hapa mbele, zilipopungua?"

"Usifunge kwa kubana. Ukiona ngozi ya paji imevutika, legeza. Ukiendelea kuvuta miaka na miaka, mzizi hufa, na hapo hakuna wa kuufufua. Huyu bado mapema, zitaota. Lakini zitachukua miezi, kwa hiyo usinijie kesho kuniuliza. Ungeona mabaka yenye magamba au vidonda, ningekwambia uende kituo cha afya, si kwangu. Na kila mtu awe na chanuo lake, lioshwe kwa sabuni kila wiki."

Msusi alimalizia mafungu yaliyobaki, akamsuka Kidoti. "Misuko minne mikubwa, isiyobana. Usiku afunge kitambaa laini. Asubuhi hutakuwa na kazi ya kupigana."

Alichukua chanuo moja jipya kutoka kwenye msumari, akalitia mkononi mwa Kidoti. "Hili ni lako. Usilitie kwenye ndoo."

Ijumaa walifika shuleni kabla ya kengele. Lakini jioni Fundi alitaka kujaribu peke yake, na mambo yakaharibika. Alinyunyiza maji mengi mno, yakamwingia Kidoti masikioni. Kibanio kimoja kiliruka chini ya kabati. Kisha mkono ukasahau, ukaenda kwenye shina.

"Ncha, baba! Ncha!"

"Najua!"

"Kama unajua, mbona unavuta?"

Fundi aliweka chanuo chini. Alitoka nje, akasimama barazani, akavuta pumzi mara tano. Aliitazama mikono yake. Mikono hii imelisha nyumba, alijiambia, haiwezi kushindwa na kichwa kimoja. Alirudi ndani.

"Tuanze upya," alisema. "Nikikosea, nifinye goti."

Kidoti alimfinya goti mara sita. Baadaye mara mbili. Kwenye fungu la mwisho hakumfinya kabisa.

Jumamosi, mama mkubwa alifika asubuhi.

"Hodi! Kidoti, uko tayari?"

"Bado, mama mkubwa. Nimeoshwa nywele, ndiyo kwanza nachanwa."

Mama mkubwa aliingia, akavuta kiti mbele yao kama hakimu. Siku ile mke wake Fundi alikuwa nyumbani. Alisimama kwenye mlango wa jikoni na sufuria mkononi, akasahau alikuwa akienda nayo wapi.

Fundi aligawa mafungu manne. Alitia krimu. Vidole kwanza. Akabana unywele katikati, akaanza nchani. Jasho lilimtoka puani. Fungu la kwanza likaisha. La pili likaisha. Kwenye fungu la tatu kichwa cha Kidoti kiliinama upande, kikaegemea goti la baba yake.

"Amefanya nini?" mama mkubwa aliuliza kwa sauti kubwa. "Mbona halii?"

"Ssss, shemeji," Fundi alinong'ona. "Amelala."

Mama mkubwa aliinuka, akainama kumtazama. Kweli, Kidoti alikuwa akikoroma kidogo, mdomo wazi. Kule mlangoni mama yake aliweka sufuria sakafuni. Alijifuta macho kwa upande wa kanga, kisha akaja akakaa chini karibu na mumewe, akaanza kumshikia vibanio mpaka msuko wa mwisho.

Mama mkubwa alirudi kwenye kiti. Kisha akafungua kilemba chake.

"Na mimi huku mbele?" aliuliza. "Zinakatika tu. Kila siku napiga brashi, na bado zinakatika."

"Umetia dawa ya kunyoosha?"

"Ndiyo."

"Unapiga brashi zikiwa majimaji?"

"Nikitoka kuoga. Kwani lini tena?"

"Shemeji!" Fundi alisahau kunong'ona. "Wewe kioo cha taa unakisugua kwa brashi ya sakafu?"

"Taa gani tena? Mimi nakuuliza nywele!"

Kidoti alizinduka. Alipapasa kichwa chake. Misuko minne ilikuwa tayari, laini, haivuti popote. Alikimbilia kioo, akajigeuza kulia na kushoto.

"Imeisha? Mbona sikusikia?"

Mama yake alicheka. Mama mkubwa naye alicheka, lakini kicheko chake kilikatika njiani.

"Basi, nimeshindwa," alisema. "Nilishatandika na kitanda. Nilinunua na shuka lenye maua." Alikunja kilemba chake taratibu juu ya magoti, akakikunjua, akakikunja tena. Hapo ndipo Fundi alipokumbuka kwamba nyumbani kwa shemeji yake hakukuwa na mtu mwingine wa kutandikiwa kitanda.

Alimimina chai, akampa kikombe cha kwanza. Walikunywa wote wanne. Fundi alimweleza tena, safari hii bila taa na bila sakafu: aache zikauke kidogo, achukue chanuo la meno mapana, aanzie nchani. Mama mkubwa alisikiliza, akabisha mara mbili, kisha akaomba aonyeshwe.

Jua lilipopanda, alisimama kuaga. Kidoti alimsindikiza mpaka nje, akashika pindo la gauni lake, hakuliachia.

"Mama mkubwa."

"Abee, mwanangu."

"Mimi sihami. Lakini wewe uje tena Jumamosi, tuzichane na zako."